Kutoka Karakana ya Uhunzi hadi Fermilab: Safari ya Robert Wilson

Mtangazaji wa Kwanza: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia Robert Wilson, mwanafizikia aliyezaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Frontier, jimbo la Wyoming nchini Marekani, na ambaye mwaka 1967 alikabidhiwa kazi ya kuijenga na kuiongoza maabara ya taifa ya kuchunguza chembe ndogo kabisa za maada, tunayoijua leo kwa jina la Fermilab. Dada, tuanzie wapi?

Mtangazaji wa Pili: Tuanzie kwenye karakana ya uhunzi, kaka, kwa maana Wilson alikulia kwenye ranchi za ng'ombe na huko ndiko alikojifunza kufua chuma. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya mwanafizikia Ernest Lawrence, alifukuzwa kazi mara mbili: kwanza alipopoteza kipande cha mpira cha kuzibia saiklotroni, yaani mashine ya kuongeza kasi ya chembe kwa kuzizungusha, wakati mfadhili alikuwa anakuja kuonyeshwa mashine hiyo, kisha alipoyeyusha koleo akiwa anachomelea.

Mtangazaji wa Kwanza: Na alipoitwa arudi, akachagua kwenda Chuo Kikuu cha Princeton, na kutoka hapo Los Alamos, maabara ilikoundwa bomu la atomiki.

Mtangazaji wa Pili: Naam, lakini mimi naona uongozi wake ulikomaa Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa miaka 20 aliongoza maabara ya fizikia ya nyuklia huko, akijenga mashine moja baada ya nyingine za kuongeza kasi ya elektroni, kila moja ikiwa na nguvu kuliko iliyoitangulia, kwa fedha kidogo.

Mtangazaji wa Kwanza: Ndiyo maana mwaka 1969, Seneta John Pastore alipomuuliza, katika kikao cha Bunge la Marekani kuhusu fedha za mradi, kama mashine ya Fermilab ya kuongeza kasi ya chembe ingesaidia ulinzi wa nchi, hakubabaika. Alijibu kwamba haihusiani moja kwa moja na ulinzi huo, ila inasaidia kuifanya nchi istahili kulindwa. Jibu hilo hunigusa kila nilisomapo, kwa sababu angeweza kutaja silaha akapata fedha kwa urahisi zaidi.

Mtangazaji wa Pili: Hata hivyo, fedha zilipopatikana, mtihani ulikuwa bado. Katika handaki lenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 6, unyevu uliingia kwenye sumaku zinazoongoza njia ya chembe, mamia yakaharibika, na mafundi wakalazimika kuyatoa na kuyabadilisha. Tarehe 1 Machi 1972 mashine ikafikia nguvu iliyokusudiwa, na mradi ukakamilika ndani ya bajeti ya dola milioni 250.

Mtangazaji wa Kwanza: Kisha mwaka 1978 akajiuzulu.

Mtangazaji wa Pili: Alijiuzulu kwa sababu aliona fedha za serikali hazitoshi. Lakini alikwisha kuanzisha kazi ya kutengeneza sumaku zinazopitisha umeme bila ukinzani, na Leon Lederman aliyempokea kiti akaikamilisha. Kwa sumaku hizo ikajengwa Tevatron, mashine yenye nguvu zaidi ya kuongeza kasi ya chembe hapo Fermilab, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba humo imegunduliwa kwaki ya sita, yaani aina ya sita ya chembe za msingi zinazounda chembe kama protoni.