Uanagenzi wa Panga za Kijapani Unaanza na Mkaa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena kutoka Japani. Mnaniuliza sana: anayetaka kufua panga hizi aanzie wapi? Aanzie kwenye mkaa.

Sheria inataka ukae chini ya mhunzi mwenye leseni kwa miaka 5 au zaidi, kisha upite mafunzo ya siku 8 ya Idara ya Utamaduni ya serikali. Siku hizo 8 ndizo mtihani. Mshahara kwa kawaida hakuna, kwa hiyo njoo na akiba.

Tazameni kipande hiki. Ni mkaa wa msonobari, mwepesi, ukivukutiwa unapanda joto upesi. Kimekatwa kama sentimita 3. Wa siku ya kuutosa upanga majini hukatwa mdogo zaidi. Vipande vikizidi ukubwa vinaacha mianya, upepo unakifikia chuma na kukila. Vumbi likibaki, linaziba hewa na moto unapoa upande mmoja. Kwa hiyo unakata, unachekecha, unakata tena. Mafundi wa hapa husema kukata mkaa ni miaka 3, na mimi naona wana haki: moto usiolingana hauna dawa baadaye.

Chuma chenyewe, tamahagane, hutoka Okuizumo, mkoa wa Shimane, ambako mchanga wa chuma huyeyushwa majira ya baridi, siku 3 usiku na mchana. Chuma hicho hubondwa hadi unene wa kama milimita 5, hutoswa majini, kisha huvunjwa. Kinachokatika kwa mara moja kina kaboni nyingi. Kinachopinda kinawekwa kando.

Vipande hupangwa juu ya bapa lenye mpini, vikafungwa kwa karatasi iliyoloweshwa, vikapakwa majivu ya mabua ya mpunga na kumwagiwa tope la udongo. Tope na majivu huyeyuka kama kioo, yakizuia hewa isile chuma. Kisha fungu lote hutiwa motoni na kugongwa ili vipande vishikane. Hapa ndipo wengi wanakosea. Nje kukiwa kweupe na ndani bado kwekundu, ukigonga, matabaka hayashikani, na lengelenge litafumuka upanga ukiwa kwa mnoaji, kazi yote imeshakwisha. Cheche zikianza kuruka, umechelewa: chuma kinaungua. Katikati ya hayo mawili kuna mlio wa tope linalochemka ndani ya moto, na fundi anausikiliza huo. Karakana nzima inanyamaza.

Fundi akigonga fuawe kukupa ishara, wewe unashusha nyundo kubwa, uso wake ukiwa bapa kabisa. Kona yake ikigusa, inaacha shimo, na chuma kikikunjwa shimo hilo linafungia uchafu ndani.