Vichwa vya mdeki wa gobore: cha kushindilia na cha kusafishia

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Asanteni kufika na foleni ya Morogoro Road ilivyo leo. Naongea na wenye vibali na nyie mnaotunza bunduki za zamani, gobore la kificho lina sheria yake ya silaha ya 2015, hapo mimi simo.

Sasa gobore unalilisha mdomoni, baruti kwanza afu risasi, unashindilia na mdeki, ile fimbo ndefu inayoingia mtutuni, na mwisho wa mdeki kuna tredi, yaani meno ya skrubu, ndo unafungia kichwa. Watu wananunua kichwa kimoja wanakifanyisha kila kitu, wakati kazi zenyewe zinapingana bana. Cha kushindilia kinatakiwa kiwe na kishimo mbele kama kisahani, pua ya risasi ikae humo, maana ile risasi ya duara ni laini, ukiisukuma na kichwa bapa inabonyea na ikibonyea haiendi unakolenga. Hizi za kisasa zenye ncha ya plastiki zinataka kishimo kirefu zaidi katikati ili ncha isiguswe kabisa. Cha kusafishia chenyewe kina mikato ya pete ubavuni, kitambaa kikishuka kinateleza, kikirudi kinajikunja kwenye ile mikato kinakwangua masizi. Vyote chukua brasi, haichubui mifereji ya ndani ya mtutu.

Saizi sasa, hapa ndo pesa inapotea. Bunduki ya .50, yaani tundu la mtutu ni nusu inchi, milimita 12.7, kichwa chake cha kusafishia lazima kiwe chembamba kidogo kitambaa kipate nafasi, chembamba kiasi gani inategemea kitambaa chako, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye pakiti usiiamini peke yake. Kitambaa kizito kinakwama katikati ya mtutu hapo utavuta mpaka jasho likutoke, chepesi mno kinachomoka kwenye kichwa na kubaki humo ndani. Kipite kwa kusukuma na mkono bila kugonga, basi.

Tredi nazo, za Marekani nyingi ni 8-32 au 10-32, meno ni 32 kwa inchi zote ila unene tofauti, ya 8 kwenye tundu la 10 inaingia haishiki, ukivuta mdeki unarudi mtupu. Fundi wa leith, ile mashine ya kuchonga chuma, pale mtaa wa Gerezani hapa Dar anaweza kukuchongea, ila mpelekee mdeki tu, bunduki iache ilipofungiwa!

Kuna ndugu kauliza kama lazima kusafisha siku hiyohiyo. Ndiyo. Baruti nyeusi ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inakuwa moshi na masizi, na masizi yanavuta unyevu, sasa weka na hewa ya bahari ya hapa kwetu, kutu haikusubiri. Maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta.

La mwisho, alama ya mdeki. Risasi lazima ikalie baruti, ikibaki nafasi katikati mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, ndo maana tunachora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa bunduki, risasi ikiwa imeshakalia baruti. Ichore kichwa cha kushindilia kikiwa kimefungwa, na siku ukinunua kingine chenye urefu tofauti ile alama futa, pima upya.