Uzazi na Nyonga ya Bibi: Mhadhara kwa Akina Mama wa Chamwino

Mbukwenyi! Mama zangu, shikamooni. Bibi zangu mliokaa mbele, shikamooni sana.

Nimeombwa nizungumzie nyonga, na najua jibu mnalo tayari. Bibi akianguka uani akavunjika, kabla hajainuliwa utasikia: "Kazaa watoto tisa huyo, mifupa itabaki?" Nimekuja kubishana na maneno hayo.

Tupige hesabu. Mifupa ya mwanamke mzima ina takriban gramu 1,000 za kalsiamu. Kichanga huzaliwa na gramu 30 hivi. Watoto tisa ni gramu 270, zaidi ya robo, na majirani wanaelekea kushinda. (Kicheko.) Lakini mwili wa mjamzito haukai tu uporwe. Utumbo wake hufyonza kalsiamu ya chakula karibu mara mbili ya kawaida, hasa wakati mtoto anapojenga mifupa, miezi mitatu ya mwisho. Kunyonyesha ndiko kunakochota mfupani kweli: katika miezi sita ya kwanza, mgongo na nyonga vinaweza kupoteza asilimia 3 hadi 10 ya madini yake. Ni mkopo. Mtoto akiacha ziwa, mwili huanza kulipa, na kwa wengi deni huisha ndani ya mwaka.

Huko Marekani kuna utafiti ulioanza 1986, ukafuatilia wanawake zaidi ya 9,000 wa miaka 65 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kwamba ambao hawakuwahi kuzaa walikuwa na hatari ya kuvunjika nyonga kubwa kwa asilimia 44 kuliko waliozaa. Kwa waliozaa, kila uzazi uliendana na hatari kupungua kwa asilimia 9. Hata walipolinganishwa wenye mifupa mizito sawasawa, tofauti ilibaki, ndiyo maana watafiti wakafikiria labda ni umbo la nyonga lenyewe.

Naomba habari hii isitoke humu ikawa fimbo ya kumchapia asiye na mtoto. Fimbo anazo za kutosha. Na hao walikuwa wanawake wa Kizungu, wenye maziwa kwenye friji. Mama wa Bahi anayezaa mfululizo, mwaka wa njaa, ugali wa uwele na mlenda mtupu, hamo kwenye hesabu ile. Hakuna daktari atakayekwambia uzae kwa ajili ya nyonga.

Mwizi mwenyewe huja baadaye: kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni ikishuka, mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa. Aliyekoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari zote mbili, ameanza safari hiyo mapema. Akienda kliniki aseme, hata asipoulizwa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza madini ya mfupa kiasi, lakini kwa sehemu kubwa hurudi ukiiacha. Msiikimbie kwa maneno yangu.

Chakula nitapita haraka: dagaa mzima na kichwa chake, maziwa ya mgando. Jua la Dodoma mnalo.

Mama mmoja ameuliza kuhusu bibi aliyeanguka, jirani akasema kateguka tu, akandwe. Mama, mtazame miguu. Mmoja ukionekana mfupi, unyayo umelala kuelekea nje, na hawezi kuusimamia, huyo kavunjika. Asivutwe, asikandwe. Alazwe kwenye godoro, apelekwe hospitali yenye daktari wa mifupa siku hiyohiyo. Kuna kuvunjika ambako mguu haubadiliki hata kidogo. Kama maumivu ya kinena yanamzuia kukanyaga, apigwe picha. Kinachoua baada ya hapo mara nyingi ni kitanda: vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni. Upasuaji ukifanyika ndani ya siku moja au mbili, bibi anaketishwa na kusimamishwa kesho yake, na hayo yote yanapungua. Familia ikisema "ni mzee, aachwe apumzike", muulizeni yeye kwanza.