Mteja Wako Anashika Ufunguo Gani?

(Mhadhara kwa wanasihi na maafisa ustawi wa jamii, Iringa)

Kamwene! Naona wa Njombe mmeitikia kwa sauti kuliko wenyeji. Wa Mbeya karibuni, baridi mnaijua.

Nianze na jalada. Miaka kadhaa nyuma nilikabidhiwa mteja wa kijiji kimoja cha Mufindi. Mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike. Jalada lilisema: mlevi, mtoro wa dawa, mkorofi. Mimi nikaongeza la nne kwa mwandiko wangu: amekata tamaa. Nikamhubiria nusu saa juu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", akaondoka, na msimu ule wote sikumwona tena.

Aliporudi nilikuwa nimeishiwa mahubiri. Nikamuuliza, "Baba, kuna siku hunywi?"

"Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Ni siku ya kikundi. Mimi ni mshika funguo."

Mlio kwenye vikundi vya kuweka na kukopa mnalijua lile sanduku. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu. Mmoja asipofika, halifunguki, na watu wanarudi nyumbani bila mkopo wa mbolea. Basi majirani walewale wanaomwona akipepesuka ndio waliompa ufunguo. Walimjua kuliko jalada langu.

Tukaifuata hiyo Alhamisi. Inaanzaje? Jumatano jioni unapita wapi? Kumbe hupita njia ya juu asikutane na kilabu, na usiku ufunguo huulaza kwenye kikopo juu ya kabati. Hayo hakufundishwa na mtu. Dawa zikahamia kwenye kikopo hicho. Sitawaambia aliacha pombe, hakuacha. Ila Alhamisi ikazaa Jumapili, na kliniki akaanza kuja kwa tarehe yake.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, akiwemo Dennis Saleebey, waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1980: mtu ni zaidi ya tatizo lake, na kijiji kina hazina hata kikiwa maskini. Kule Milwaukee, Marekani hukohuko, wanasihi Steve de Shazer na Insoo Kim Berg walikuwa wakiwauliza wateja lini tatizo lilitarajiwa kuja likakosa kuja. Walipenda pia kipimo cha sifuri hadi kumi: sifuri hali mbaya kabisa, kumi hali nzuri kabisa. Mteja akisema yuko mbili, sisi huuliza mbona hajafika tano. Wao huuliza: kwa nini si sifuri? Jaribuni hilo. Mtu hukaa kimya kwanza, kisha anakutajia mtoto, au shamba la viazi, au bibi anayemwamsha.

Mikoa yetu yenyewe inajua maana ya kuandikwa kwa kidonda. Utafiti wa VVU wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Takwimu ni za kweli na tuzifanyie kazi. Lakini mahindi na viazi vyetu vinalisha nchi, na wanaolima ni haohao.

Sasa angalizo, maana nimeona watu wakiligeuza hili kuwa kusifia. "Wewe ni jasiri, utaweza!" Huko ni kumfunga mtu mdomo. Mama anayepigwa, usimtafutie nguvu za kuvumilia. Mtafutie kwanza mahali salama pa kulala. Anayesema anataka kufa, muulize waziwazi, usimwache peke yake, mfikishe kwa daktari. Na aliyekosa nauli ya kutoka Makete hajakosa ari, amekosa nauli.

Kabla ya chai, kila mmoja amkumbuke mteja anayemchosha kuliko wote, aandike kitu kimoja anachokiweza ambacho hakimo kwenye jalada lake. Dakika kumi. Wa Njombe, kalamu si za kuazima.