Kabla ya Kuitupa Diski: Kutafuta Kosa kati ya Kebo, Kidhibiti na Draiva katika Linux

Ndugu mafundi na wanafunzi, nawashukuru kwa kufika hapa Mbeya, hasa ninyi mliodamka gizani na baridi hii kutoka Tunduma na Makambako. Nimekuja kuwaomba msiihukumu diski kabla ya kusoma logi ya kerneli, yaani kumbukumbu za matukio zinazoandikwa na kiini cha Linux.

Mwaka jana niliitwa katika ofisi moja huko Tukuyu, ambako seva ya Linux ilikuwa ikiganda mara kadhaa kwa siku, na tayari diski mbili zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Kabla sijashika bisibisi niliandika amri ya dmesg, inayoonyesha logi hiyo, nikasoma kutoka juu kwenda chini. Mlango mmoja wa SATA, unaochomekwa kebo ya diski, ulikuwa umepelekewa amri, jibu halikuja, kerneli ikauanzisha upya. Makosa yalipozidi kurudi, ikashusha kasi kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, kisha 1.5. Kwa kawaida kerneli huisubiri diski sekunde 30 kabla ya kuikatia tamaa amri, na kusubiri huko ndiko makarani walikokuita kuganda.

Katika taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kwa diski nyingi za SATA, kipengele namba 199 huhesabu data zilizoharibika njiani kati ya diski na kidhibiti, yaani chipu inayoongea nayo. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata kosa likiondolewa; la kutazama ni kama inaendelea kupanda. Diski ile ilikuwa mpya kabisa, na hesabu yake ilikuwa inapanda. Niliifuata kebo kwa vidole nikaikuta imekunjwa vibaya nyuma ya diski, mahali ambapo jicho halifiki. Tuliweka nyingine, nikaiandika namba ile kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa seva. Wiki mbili baadaye haikuwa imesogea. Hadi leo zinaniuma zile diski mbili, kwa kuwa ofisi ndogo hujinyima ili kuzinunua.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuendesha kifaa, nayo hukosea. Ikiwa tatizo lilianza mara tu baada ya kusasisha kerneli, washeni mashine kwa kerneli ya zamani. Ikitulia, mmeshapata ushahidi. Kwa git bisect, zana inayogawa mabadiliko ya msimbo nusu kwa nusu, mabadiliko 1,000 huchujwa kwa majaribio takriban 10 hadi lipatikane moja lililoleta kosa. Kama kuwasha kerneli kwa kigezo cha libata.force=noncq, kinachozima foleni ya amri za diski, kunaondoa tatizo, shuku namna diski au kidhibiti kinavyopanga foleni ya amri; ndani ya kerneli imo orodha ya diski zenye kasoro za aina hiyo, na taarifa yenu inaweza kuiongezea jina.

Wakati mwingine kerneli husimama ikisema haioni diski ya mfumo. Kwa mashine za zamani, betri ya ubao mama ikiisha na umeme ukakatika, BIOS, programu ya kwanza kuamsha mashine, huweza kurudi kutoka AHCI hadi IDE, namna mbili za kuongea na diski, nayo initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia, ikawa haina draiva ya hali hiyo. Rudisheni AHCI, kisha amri ya lspci -k itawaonyesha draiva inayotumika.

Mnapoomba msaada, tumeni logi nzima tangu mashine ilipowaka, maana kosa la kwanza huwa mbali na mstari wa mwisho. Ile kebo ya Tukuyu nimekuja nayo, nimeichomeka kwenye mashine hii ya mbele; sogeeni karibu tuiwashe.