Uttar Pradesh kuelekea 2027: kura za BSP zinakwenda wapi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja.

Bunge la jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, lina viti 403. Anayetaka kuunda serikali anahitaji 202. Muda wa bunge lililopo unaisha Mei 2027, kwa hiyo uchaguzi unatarajiwa miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Mazungumzo mengi yanahusu BJP, chama kinachotawala India na jimbo hili, kama Yogi Adityanath, kiongozi wa serikali ya jimbo, atapata muhula wa tatu au la. Mimi naomba tukiangalie chama kilichopata kiti kimoja tu mwaka 2022, yaani Bahujan Samaj Party, BSP ya Mayawati. Ninavyoona, BJP na mpinzani wake mkuu, Samajwadi Party (SP), wote wawili wanategemea watu walioihama BSP, na wale ambao bado hawajaihama.

BSP ilianzishwa na Kanshi Ram mwaka 1984 kuwapa Wadalit, watu wa matabaka ya chini kabisa waliobaguliwa tangu zamani, sauti ya kisiasa. Mwaka 2007, ikiwa imewavuta hata Wabrahmin wa tabaka la juu, ilipata asilimia 30.4 ya kura na viti 206, ikatawala peke yake. Mwaka 2012 ikashuka hadi asilimia 25.9, 2017 hadi 22.2, na 2022 hadi 12.9. Katika uchaguzi wa bunge la taifa wa 2024 ilibaki na asilimia 9.4, bila kiti hata kimoja.

Hawakuondoka wote kwa mkupuo. Wadalit ni kama mtu mmoja kati ya watano katika jimbo hili, na zaidi ya nusu yao ni Wajatav, jamii ya Mayawati mwenyewe. Walioanza kutoka ni wasio Wajatav, yaani Wapasi, Wavalmiki, Wakori na wengineo. Wengi wao walikwenda BJP kuanzia 2014. Wajatav walibaki. Ni mwaka 2024 ndipo sehemu yao ilipokwenda kwa muungano wa SP na Congress, chama kikuu cha upinzani cha kitaifa, kwa hofu kwamba BJP ikipata viti 400 katika bunge la taifa itagusa katiba na nafasi zilizotengwa kwa Wadalit katika ajira na vyuo. Mwaka huohuo mtihani wa kuajiri polisi zaidi ya 60,000 ulifutwa baada ya kuvuja, wakati walioomba walikuwa watu milioni 4.8. Kwa kijana wa Kidalit, ajira ya serikali ndiyo mlango uliotengwa kwa ajili yake, na hapo ndipo alipoguswa.

Sasa tazameni BJP. Mwaka 2017 ilipata asilimia 39.7 na viti 312. Mwaka 2022 kura zake zilipanda hadi asilimia 41.3, viti vikashuka hadi 255. Imekuwaje? Mfumo ni uleule wa viti vya ubunge vya majimbo Tanzania na Kenya, anayeongoza ndiye anayechukua kiti. SP ilitoka asilimia 21.8 hadi 32.1, na kwa sehemu kubwa nyongeza hiyo ilitoka BSP na Congress, si BJP. Wapinzani waliokuwa wametawanyika walikusanyika. Kwa hiyo mtu akikuuliza, «BJP imepoteza wafuasi?», kwanza muulize upande wa pili wako wangapi kwenye kila kiti.

Azamgarh inaonyesha jambo hili waziwazi. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 2022 wa kiti cha bunge la taifa, BJP ilishinda kwa kura 8,679 tu. SP ilikuwa ya pili, na mgombea wa BSP, Mwislamu mwenye jina kubwa eneo hilo, alipata kura zaidi ya 266,000. Mapema 2024 mgombea huyo alihamia SP. Uchaguzi ulipofika, Dharmendra Yadav wa SP, yuleyule aliyeshindwa 2022, alishinda kwa kura zaidi ya 161,000.

Niseme kidogo kuhusu hesabu, maana hapa hata wachambuzi wazoefu hujikwaa. Matokeo ya bunge la taifa ya 2024 katika jimbo hili yanasema BJP asilimia 41.4, SP 33.6, Congress 9.5. Ukiyasoma hivyo utadhani BJP iliongoza kwa mbali. Lakini BJP ilisimamisha wagombea viti 75 kati ya 80 vya jimbo hili, SP 62, Congress 17. Zidisha asilimia ya chama kwa 80, kisha gawa kwa idadi ya viti ilivyogombea. BJP inakuwa kama 44, SP 43, Congress 44 na nusu. Ni makadirio, kwa kuwa viti havilingani wapiga kura, ila sasa mnaelewa kwa nini SP ilipata viti 37, BJP 33 na Congress 6. Jimbo jirani la Bihar mwaka 2025 lilikuwa hivyohivyo. RJD, chama kikuu cha upinzani huko, kiliongoza vyama vyote kwa kura, asilimia 23, kikaambulia viti 25 kati ya 243, kwa sababu kilisimama viti vingi zaidi na kushindwa vingi.

Anayetaka kujua nani kahama asome Fomu namba 20, ambayo ni matokeo ya kila kituo cha kupigia kura. Unachukua fomu za chaguzi mbili, unaoanisha vituo kwa jina la kijiji na la shule, si kwa namba, kwa sababu vituo vikijaa hugawanywa na namba zote zinazofuata husogea. Halafu unaanza na vituo ambavyo karibu wapiga kura wote ni wa jamii moja. Kituo cha mchanganyiko hudanganya. Tuseme BSP imeshuka kutoka kura 300 hadi 140, SP imepanda kutoka 150 hadi 310. Mtu atasema kura 160 zimehama. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba Wajatav 100 walibaki nyumbani, na Wakurmi 100, jamii ya wakulima, waliokuwa BJP ndio waliokwenda SP. Fomu haitakwambia. Lazima uende kuuliza.

Safari hii kuna tatizo jingine, uhakiki maalumu wa daftari la wapiga kura. Ulianza Bihar katikati ya 2025 ukafika Uttar Pradesh Novemba. Wakipiga kura watu 600 kati ya 1,000 walioandikishwa, mahudhurio ni asilimia 60. Ukifuta majina 80 ya waliofariki na waliohama, watu walewale 600 wanakuwa asilimia 65. Basi asilimia ya mahudhurio ikipanda, msikimbilie kusema wananchi wamehamasika. Hesabuni vichwa.

Je, ushindi wa SP wa 2024 utadumu? Faizabad, kiti chenye Ayodhya, mji wa hekalu la Ram, ndani yake, SP ilikitwaa kwa Awadhesh Prasad, Mpasi aliyesimamishwa kwenye kiti ambacho hakikutengwa kwa Wadalit, akashinda kwa kura zaidi ya 54,000. Miezi minane baadaye, Februari 2025, ukafanyika uchaguzi mdogo wa kiti cha bunge la jimbo cha Milkipur, eneo lililomo ndani ya Faizabad hiyohiyo. BJP ikamsimamisha Mpasi pia, ikamshinda mtoto wa Prasad kwa kura zaidi ya 61,000. Uchaguzi mdogo hupendelea serikali iliyopo, hilo ni kweli, na BSP haikuweka mgombea. Lakini hata hivyo, ile kura ya Wapasi ilikuwa ya mkopo. Katika viti 84 vilivyotengwa kwa Wadalit wagombea wote ni Wadalit lakini wanaopiga kura ni watu wote, hivyo BJP ina nafasi ya kujibu kila mara kwa kumteua mtu wa jamii ileile.

Vyama vidogo navyo vimehama. RLD ya Wajat na SBSP ya Warajbhar zilikuwa na SP mwaka 2022, zikapata viti 8 na 6. Leo zote ziko na BJP.

Mayawati ameshatangaza kwamba BSP itasimama peke yake. Kwa hiyo orodha yake ya wagombea ikitoka, chukueni kwanza viti ambavyo SP ilishinda au kushindwa kwa kura chini ya 10,000 mwaka 2022. Angalieni ni vingapi kati ya hivyo BSP imemweka Mwislamu, na ni vingapi imemweka Mbrahmin au Mthakur. Waislamu wengi huipigia SP, na Wabrahmin na Wathakur, matabaka ya juu, huipigia BJP, kwa hiyo Mwislamu atakata kura za SP, Mbrahmin au Mthakur atakata za BJP.