Maat na Mkono Ulioshika Mizani

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wale ambao hamjaitikia popote, habari za jioni.

Wazee wangu, akina mama, vijana. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa nitawafundisha kupata amani ya moyo kwa hekima ya Misri ya kale. Namshukuru kwa maneno mazuri, ila hiyo amani ya moyo leo sitaigusa. Nimekuja kuzungumza juu ya magunia, maji na mishahara.

Nianze na picha ambayo wengi mmeiona kwenye simu. Mizani kubwa iko katikati. Upande mmoja kuna moyo wa marehemu, upande wa pili unyoya wa mbuni. Unyoya huo ni alama ya Maat, mungu wa kike aliyebeba ukweli, haki na mpangilio mzima wa dunia. Anubis mwenye kichwa cha bweha anakagua mizani. Thoth mwenye kichwa cha kwarara yuko tayari kuandika. Pembeni anasubiri Ammit: kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko. Moyo ukishindwa mtihani, Ammit anaumeza, na habari yako imeishia hapo. Nakala maarufu ya picha hii ni ya karani aliyeitwa Ani, ya yapata 1250 KK, na leo iko British Museum kule London.

Wanaoisambaza picha hawasemi kwamba imetoka kwenye hati alizozikwa nazo marehemu, na kwamba hati zile zilikuwa bidhaa. Makarani waliziandika mapema, wakaacha nafasi ya jina, mnunuzi akija wanajaza. Ndani mna maneno yaliyokwisha kuandaliwa ya kujitetea mbele ya waamuzi 42: sikuiba, sikuua, sikusema uongo. Na kwa mwenye wasiwasi zaidi ilikuwepo hirizi ya jiwe yenye umbo la mdudu, iliyowekwa kifuani mwa maiti, imechongwa maneno ya kuusihi moyo usisimame kumshuhudia mwenyewe vibaya. Yaani shahidi anaombwa anyamaze, tena kwa hirizi ya kununua! Mimi nawapenda watu hawa kwa hilo. Walijijua.

Kwa hiyo leo mtu akikuletea "kanuni saba za Maat" zilizopangwa vizuri kwenye bango, zisome, hazina ubaya, lakini ujue orodha hiyo imetungwa zama zetu. Hamu hiyo ya kutafuta mwongozo wa maisha kwenye Maat imetokea sana kwa ndugu zetu weusi wa Marekani. Maulana Karenga, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuipa maneno yetu ya umoja, ujima na ujamaa, ndiye baadaye aliyefanya utafiti mrefu juu ya Maat. Anastahili heshima yake. Mimi narudi kwenye maandishi ya kale yenyewe.

Humo mnashangaza. Karibu na dhambi kubwa kama kuua, mtu anaapa kwamba hakupunguza kipimo cha nafaka. Hakuongeza uzito kwenye mawe ya mizani. Hakuwanyang'anya watoto maziwa mdomoni. Hakumchongea mtumishi kwa bwana wake. Hakuzuia maji yanayotembea. Hakumliza mtu.

Hebu tulitazame hilo la nafaka. Mkulima wa mahindi analetewa gunia na mnunuzi. Linatajwa la kilo 100. Likishajaa, linashonewa kilemba juu, linasukumwa kwa mguu, linajazwa tena mpaka linavimba kama mjamzito wa mapacha. Lumbesa. Bei ni ya gunia moja. Kisha mahindi yaleyale yakifika sokoni, muuzaji ana kopo lililobonyezwa kitako, nawe unapimiwa kwa hilo. Kipimo kikubwa cha kununulia, kipimo kidogo cha kuuzia. Karani wa Kimisri angeitambua biashara hiyo bila mkalimani, na sidhani angekuuliza kama unajisikia mtulivu.

La maji sihitaji kulieleza kwa waliokulia kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ya Kilimanjaro. Wa juu akifungua kwake usiku wakati si zamu yake, wa chini anaamka na migomba iliyonyauka. Misri nzima iliishi kwa mto mmoja na mitaro yake, ndiyo maana kuziba maji wakakuweka kwenye hesabu ya siku ya mwisho.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda kuliko Ani. Anaitwa Khunanup, na hadithi yake iliandikwa yapata miaka 3,800 iliyopita. Anaishi Wadi Natrun, bonde la chumvi na magadi. Chakula cha watoto kinakaribia kwisha, anapakia punda wake bidhaa, anateremka kwenda kutafuta nafaka. Njiani yuko Nemtynakht, mtu mwenye kujuana na wakubwa, na amewatamani wale punda. Njia ni nyembamba, upande huu maji, upande huu shamba la shayiri. Nemtynakht anatandika nguo yake katikati ya njia. Ukiikanyaga, kosa. Ukipita shambani, kosa. Khunanup anakwepa ukingoni, na punda mmoja anachota shayiri mdomo mmoja. Basi! Punda wote wamekamatwa kwa fidia, na mwenyewe anachapwa kwa fimbo mbichi.

Anakwenda kwa Rensi, msimamizi mkuu wa mali za mfalme. Wasaidizi wa Rensi wanasema: mkubwa mzima aadhibiwe kwa ajili ya vijimagadi na vijichumvi? Mnaisikia sauti hiyo? Mimi huisikia kila nikipanga foleni mahali.

Khunanup anazungumza vizuri kiasi kwamba Rensi anakwenda kumwambia mfalme. Na mfalme anatoa amri hii: usimjibu, aendelee kusema, tuandikiwe. Mke na watoto wake wapelekewe chakula kwa siri, naye apewe mikate na pombe bila kujua inakotoka. Hapa huwa nakasirika. Mtu ameibiwa, ananyamaziwa makusudi kwa sababu kilio chake kina lugha tamu! Anakuja mara tisa. Katikati anachapwa tena kwa amri ya Rensi mwenyewe. Katika ombi la mwisho anamwambia Rensi kwamba mvivu hana jana, aliyeziba masikio asisikie Maat hana rafiki, na mwenye tamaa hana sikukuu. Kisha anaondoka, akisema sasa atakwenda kumshtaki kwa Anubis. Wanamrudisha, anasomewa maneno yake yote kutoka kwenye hati mpya, na mali ya Nemtynakht anapewa yeye.

Wasomi wengi huisifu hadithi kwa ufasaha wake. Mimi naiona kesi ya "njoo kesho". Haki ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Ptahhotep, ambaye mafundisho yake yanamtaja kuwa waziri wa mfalme Isesi, alikwisha kuwausia wakubwa: mlalamikaji akija, msikilize kwa utulivu mpaka amalize lililomleta, maana mwenye uchungu hutaka kusikilizwa hata kuliko kupewa alichoomba. Wewe uliye dirishani, mezani, kwenye simu ya ofisi, kuanzia kesho usimkatize mtu mpaka amalize. Haihitaji bajeti.

Mtaniuliza: je, Wamisri wenyewe waliishi hivyo? Mara nyingi hawakuishi hivyo. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, yapata 1157 KK, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, waliochonga makaburi ya wafalme, walicheleweshewa mshahara wao wa ngano na shayiri. Wakaweka zana chini, wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu. Hati iliyohifadhiwa Turin, Italia, inatunza maneno yao: tumefika hapa kwa njaa na kiu, hatuna nguo, mafuta, samaki wala mboga. Ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tulio na maandishi yake. Ramesses huyo alichorwa akiwatolea miungu sanamu ya Maat, wakati tarehe ya malipo imepita. Nawaomba kila mmoja amfikirie dada wa kazi aliye nyumbani kwake sasa hivi, na tarehe.

Nimalizie na swali la mama mmoja pale mbele, mwenye duka. Anasema wateja wanakopa hawalipi, Maat inasemaje? Mwalimu Amenemope wa Misri ya kale ana jibu. Kwa Wakristo, huyu ndiye ambaye maneno yake yanafanana sana na Mithali kuanzia sura ya 22, kwa hiyo msiogope kwamba nawapeleka kwa miungu mingine. Anasema: ukikuta deni kubwa kwa maskini, ligawe mafungu matatu, samehe mawili, acha moja lisimame. Utalala, na asubuhi utaliona kama habari njema.

Mama anasema mawili ni mengi. (Kicheko.) Sawa mama, lakini soma vizuri: amesema maskini. Fungua daftari, mtenganishe maskini na mjanja. Yule aliyekukopa unga halafu juzi kanunua pikipiki, Amenemope hakumtaja.